Mgeni Alipewa Jembe, Je, na Kura? Luksemburg na Kura Zake za Maoni

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii tumeisikia tangu utotoni, na maana yake iko wazi. Anayekula chakula cha nyumba na alime shamba la nyumba. Lakini methali inaishia kwenye jembe, haitaji baraza. Mgeni aliyelima miaka kumi, akajenga, akazaa na kusomesha watoto wake papo hapo, je, mambo ya kijiji yanapozungumzwa, naye aitwe? Au abaki shambani akisubiri kuambiwa wenyeji wameamua nini?

Tarehe 7 Juni 2015 nchi moja ndogo ya Ulaya iliwauliza raia wake swali hilo kwa karatasi ya kura. Katika kila raia 100 waliotoa jibu, 78 walisema hapana. Nchi hiyo ni Luksemburg. Tumechagua kuiandika katika toleo hili kwa sababu wengi wa wanachama wa chama chetu wanaishi na swali hilo kila siku, hata kama hawajawahi kulitamka. Ili kulielewa jibu la mwaka 2015 hatuna budi kurudi nyuma karibu miaka mia moja, kwa maana Waluksemburg hawaitwi mara kwa mara kwenye kura ya maoni. Kwa ngazi ya taifa wameitwa mara nne tu: mwaka 1919, 1937, 2005 na 2015. Ile ya 2005 ilihusu Katiba ya Ulaya, nao waliikubali kwa asilimia 56.5, wiki chache baada ya Wafaransa na Waholanzi kuikataa. Hiyo tunaiweka kando. Zile tatu nyingine zilihusu mambo ya nyumbani, na ndizo tunazozifuata hapa.

Nchi yenyewe

Luksemburg ina ukubwa wa kilomita za mraba 2,586, karibu sawa na Unguja na Pemba ukiziweka pamoja. Imezungukwa na Ubelgiji, Ufaransa na Ujerumani, na haina bahari. Ni utemi mkuu: kiongozi wake wa nchi si mfalme wala rais, bali ni Mtemi Mkuu, anayerithi kiti. Mwaka 1839 wakubwa wa Ulaya waliikata nchi hiyo vipande viwili na sehemu kubwa ya magharibi ikaenda kwa Ubelgiji. Kilichobaki ndicho Luksemburg ya leo.

Nchi iliyobanwa namna hiyo haiwezi kuishi peke yake kiuchumi. Kuanzia mwaka 1842 ilikuwa ndani ya umoja wa forodha wa Wajerumani. Baadaye yakachimbwa madini ya chuma upande wa kusini, viwanda vikajengwa, na wafanyakazi wakaja kutoka Ujerumani na Italia. Kwa hiyo mgeni mwenye jembe, au tuseme mwenye sururu, si jambo la juzi katika nchi hiyo. Utajiri wake wa kwanza ulichimbwa pia kwa mikono ya wageni.

1919: Kwanza baraza likapanuliwa, ndipo likaulizwa

Agosti 1914 jeshi la Ujerumani liliingia Luksemburg, ingawa nchi hiyo ilikuwa imetangazwa kutofungamana na upande wowote tangu mwaka 1867. Likakaa mpaka mwisho wa vita. Mtemi Mkuu wakati huo alikuwa mwanamke kijana, Marie-Adélaïde, aliyeshika kiti mwaka 1912 akiwa na umri wa miaka 17. Alipinga uvamizi, lakini baadaye alimpokea Kaisari wa Ujerumani, na pia aliingia mno katika siasa za vyama vya ndani. Vita vilipokwisha, washindi walimtazama kwa jicho baya, na nyumbani sauti za kudai jamhuri zikapanda. Novemba 1918 Bunge lilikaribia kuung'oa utawala wa kurithi. Uliokoka kwa kura chache. Januari 1919 ikajaribiwa kutangazwa jamhuri katika mji mkuu, na askari wa Ufaransa waliokuwapo wakatuliza ghasia. Marie-Adélaïde akajiuzulu, na mdogo wake, Charlotte, akashika nafasi yake.

Je, mabadiliko ya mtu yalitosha, au watu walitaka kubadilisha mfumo wote? Na kwa kuwa umoja wa forodha na Ujerumani ulikuwa umevunjwa, nchi iegemee wapi sasa, Ufaransa au Ubelgiji? Serikali ya Émile Reuter iliamua kuwauliza wananchi maswali yote mawili kwa siku moja.

Hapa tunaomba msomaji asimame kidogo, kwa sababu mpangilio wa matukio una maana kubwa. Kabla ya vita, kura ilikuwa ya wanaume waliolipa kodi ya kiwango fulani. Fukara hakuwa na kura. Mwanamke hakuwa nayo, hata awe tajiri. Tarehe 15 Mei 1919 Bunge lilibadilisha katiba: likaandika kwamba mamlaka ya nchi ni ya taifa, likaruhusu kura ya maoni, na likampa haki ya kupiga kura kila raia, mwanamume na mwanamke, aliyetimiza miaka 21. Wanaume wenye kodi hawakuulizwa kwa kura kama wanakubali kuongezewa wenzao. Wabunge walipanua baraza kwanza, kisha wakaliuliza baraza lililopanuliwa.

Tarehe 28 Septemba 1919 wanawake wa Luksemburg walipiga kura kwa mara ya kwanza. Katika swali la kwanza, asilimia 77.8 walimtaka Charlotte aendelee, na karibu asilimia 20 walitaka jamhuri. Waliobaki, wachache sana, walitaka mtemi mwingine au ukoo mwingine. Katika swali la pili, asilimia 73 walichagua umoja wa kiuchumi na Ufaransa, na 27 Ubelgiji. Mwezi uliofuata ukafanyika uchaguzi wa Bunge, na Marguerite Thomas-Clement akawa mwanamke wa kwanza kuingia humo.

Tulinganishe na Uswisi. Huko suala la kura ya wanawake lilipelekwa kwenye kura ya maoni, na wapiga kura wa siku hiyo, kama ilivyo dhahiri, walikuwa wanaume peke yao. Mwaka 1959 walikataa kwa asilimia 67 hivi. Wanawake wa Uswisi wakasubiri mpaka mwaka 1971 ndipo wanaume walipokubali. Umbali kati ya 1919 na 1971 ni zaidi ya nusu karne. Hatusemi kwamba wanaume wa Luksemburg walikuwa na moyo mwema kuliko wa Uswisi. Hilo hatuwezi kulipima, maana hawakuulizwa. Tunachosema ni kwamba njia iliyotumika ndiyo iliyoleta tofauti.

Mkasa wa 1919 una mwisho unaochekesha na kuumiza. Watu walichagua Ufaransa, lakini Ufaransa ilikuwa na hesabu zake na Ubelgiji. Mwaka 1920 ikawaambia Waluksemburg kwamba haiwataki katika umoja huo, waende wakazungumze na Brussels. Julai 1921 mkataba wa umoja wa kiuchumi ukatiwa saini na Ubelgiji, yaani na yule aliyepata asilimia 27. Somo la kwanza basi ni hili: kura ya maoni inaweza kuamua mambo yaliyo mikononi mwa wapiga kura. Haiwezi kumwamulia jirani. Kiti cha Charlotte kilikuwa chao, wakakiamua, na akakikalia mpaka mwaka 1964. Nia ya Paris haikuwa yao.

1937: Sheria ya kufunga mdomo

Joseph Bech alikuwa waziri mkuu tangu mwaka 1926, mtu wa chama cha kulia chenye mizizi katika Kanisa Katoliki. Aliuogopa ukomunisti, na hakuwa peke yake. Mwaka 1934 wapiga kura wa kusini walimchagua mkomunisti wa kwanza, Zénon Bernard, lakini Bunge likakataa kumpa kiti chake. Kisha ukaja muswada ambao jina lake rasmi lilikuwa la kutuliza: sheria ya kulinda utaratibu wa kisiasa na kijamii. Ungekivunja chama cha kikomunisti pamoja na chama chochote kitakachoonekana kutaka kubadili katiba kwa nguvu au vitisho, na wanachama wake wasingeruhusiwa kushika kazi za umma.

Wapinzani hawakuhangaika na jina hilo refu. Waliipa sheria jina la kile kifaa anachovishwa mbwa mdomoni asiume wala asibweke, na mpaka leo inajulikana kwa jina hilo: sheria ya kufunga mdomo. Wasoshalisti, vyama vya wafanyakazi na vijana wa kiliberali walijiuliza swali moja: leo wanafungwa wakomunisti, je, kesho mgomo wa kawaida wa wafanyakazi nao hautaitwa tishio kwa katiba? Tukumbuke pia kwamba jirani mmoja wa Luksemburg alikuwa Ujerumani ya Hitler, ambako vyama vilianza kupigwa marufuku mwaka 1933, kwanza wakomunisti, kisha wote. Hofu yao haikuwa ya kutunga. Walikuwa wanaiona ng'ambo ya mto Moselle.

Bunge lilipitisha sheria hiyo Aprili 1937, na wabunge wa serikali walikuwa wengi. Lakini upinzani mitaani uliilazimu serikali kuipeleka kwa wananchi, nayo iliamini itashinda. Ilikuwa na Bunge, ilikuwa na gazeti kubwa la Kikatoliki, ilikuwa na mimbari za makanisa. Tarehe 6 Juni 1937 wapiga kura walikataa, kwa asilimia 50.67. Ni tofauti ndogo mno, chini ya asilimia moja na nusu kati ya pande mbili. Upande wa kusini, kwenye migodi na viwanda, ndio ulioibeba hapana hiyo.

Bech angeweza kubishana. Angeweza kusema kwamba Bunge limekwisha pitisha, kwamba tofauti ni ndogo, kwamba wananchi hawakuelewa. Badala yake sheria ikaachwa isitangazwe, naye akaacha uwaziri mkuu, ingawa alibaki kuwa waziri wa mambo ya nje. Novemba mwaka huo Pierre Dupong aliunda serikali mpya na, tofauti na Bech, akawaingiza wasoshalisti. Mei 1940 Wajerumani walipovamia tena, serikali hiyo ya mseto ndiyo iliyokwenda uhamishoni pamoja na Charlotte na kuiwakilisha nchi. Tunaweza kujiuliza ingekuwaje kama nusu ya nchi ingeingia vitani ikiwa imefungwa mdomo na nusu nyingine. Serikali ilishindwa kwenye kura, lakini kushindwa kwake kulilipatanisha taifa kabla ya dhoruba.

1941: Kura ambayo haikuwa kura

Kuna tukio moja ambalo halimo katika orodha ya kura nne, na bado Waluksemburg wenyewe hulikumbuka kana kwamba limo. Chini ya uvamizi, mtawala wa Kinazi aliyewekwa huko, Gustav Simon, aliandaa sensa ya tarehe 10 Oktoba 1941. Fomu iliuliza, pamoja na mengine, mambo matatu: uraia wako, lugha ya mama, na asili yako. Maelekezo yalisema wazi kwamba Kiluksemburg ni lahaja tu, si lugha, na kwamba jibu lililotarajiwa ni Mjerumani. Vikundi vya upinzani vikasambaza karatasi kwa siri kuwaambia watu wajibu mara tatu neno lilelile: Luksemburg, Luksemburg, Luksemburg. Fomu za awali zilipochunguzwa ikaonekana watu wamefanya hivyohivyo. Simon akaifuta sensa nzima.

Sisi tunaosoma na kuandika Kiswahili tunalielewa tukio hili bila kufafanuliwa. Kuambiwa kwamba unachosema si lugha ni hatua ya kwanza ya kuambiwa kwamba wewe si mtu wa mahali fulani. Kiluksemburg kilikuja kutajwa katika sheria kuwa lugha ya taifa mwaka 1984, na Kifaransa na Kijerumani vikabaki kuwa lugha za utawala pamoja nacho. Kumbukumbu ya 1941 ni lazima tuibebe tunapofika mwaka 2015, kwa sababu lugha ilirudi tena mezani. Safari hii haikuelekezwa kwa mvamizi. Ilielekezwa kwa mgeni aliyealikwa kuja kufanya kazi.

2015: Wenyeji waulizwa juu ya wageni

Baada ya vita Luksemburg ilitajirika, kwanza kwa chuma, kisha kwa mabenki na ofisi za Umoja wa Ulaya. Tangu miaka ya 1960 Wareno walianza kuja kwa wingi, wakajenga nyumba na barabara, wakasafisha maofisi, wakalea watoto wa wengine. Mwanzoni mwa 2015 nchi ilikuwa na wakazi 563,000 hivi, na karibu asilimia 46 yao hawakuwa raia. Wareno peke yao walizidi 90,000. Juu ya hao, zaidi ya watu 150,000 walivuka mpaka kila siku ya kazi kutoka Ufaransa, Ubelgiji na Ujerumani, na jioni wakarudi kwao.

Mwaka 2013 ukaingia muungano mpya wa waliberali, wasoshalisti na chama cha kijani chini ya Xavier Bettel, baada ya Jean-Claude Juncker kutawala kwa zaidi ya miaka 18. Serikali hiyo ilitaka kuonyesha kwamba zama mpya zimefika. Ikaandaa maswali matatu kabla ya kuandika katiba mpya. La kwanza: vijana wa miaka 16 waruhusiwe kupiga kura? La pili: wakazi wasio raia waruhusiwe kupiga kura ya Bunge, mradi wameishi nchini miaka 10 na wamewahi kupiga kura huko katika uchaguzi wa mitaa au wa Bunge la Ulaya? La tatu: waziri asikae serikalini zaidi ya miaka 10 mfululizo? Swali la nne, juu ya fedha za dini, liliondolewa baada ya serikali kuelewana na jumuiya za dini.

Matokeo yalikuwa kofi la mara tatu. Vijana walikataliwa kwa asilimia 81 hivi. Wageni walikataliwa kwa asilimia 78. Hata ukomo wa mawaziri, jambo ambalo mtu angedhani kila mwananchi angelipenda, ulikataliwa kwa asilimia 70. Takwimu hiyo ya tatu inatusaidia kutosoma vibaya ile ya pili. Waliokataa hawakuwa wote na chuki dhidi ya wageni. Wengine walikuwa wanaipa serikali mpya fundisho. Wengine hawakupenda kuulizwa mambo ya katiba vipande vipande.

Lakini swali la wageni lilikuwa na hoja zake, na ni haki tuzieleze za pande zote mbili. Waliosema ndiyo walitaja hesabu. Bunge linatunga sheria za kodi, shule, nyumba na afya kwa ajili ya wakazi wote, lakini linachaguliwa na karibu nusu yao tu. Mwaka hadi mwaka pengo linakua. Ikifika siku raia wapiga kura ni wachache kuliko wakazi wasio na kura, hiyo bado ni demokrasia? Nao walitaja New Zealand, ambako mkazi wa kudumu amekuwa na kura ya Bunge tangu mwaka 1975 na mambo hayajaharibika.

Waliosema hapana, wakiwemo wafuasi wa chama cha Juncker na cha wahafidhina wadogo, walijibu kwamba mlango upo, nao unaitwa uraia. Anayetaka kuamua mambo ya taifa na ajiunge na taifa, na tangu mwaka 2009 sheria inamruhusu kufanya hivyo bila kuacha uraia wake wa kwanza. Kisha wakaitaja lugha. Nchi ya watu wachache, iliyowahi kuambiwa na mvamizi kwamba lugha yake haipo, iliogopa kuamka siku moja na kukuta mijadala ya uchaguzi inafanywa kwa Kifaransa tu. Mwaka 2016, mwaka mmoja baada ya kura hiyo, ombi la kutaka Kiluksemburg kiwe lugha ya kwanza rasmi lilitiwa saini na zaidi ya watu 14,000. Kwa nchi ndogo kama hiyo ni wengi sana.

Hofu hiyo hatuidharau. Ingekuwa ajabu Waswahili kuidharau hofu ya mtu juu ya lugha yake. Ila tunauliza: ni nani aliyekuwapo chumbani swali lilipopigiwa kura? Kwa sheria ya Luksemburg kupiga kura ni lazima kwa raia, kwa hiyo raia wote waliitwa. Walioandikishwa hawakufika 250,000. Zaidi ya robo milioni ya wakazi ambao swali lilikuwa linawahusu wao hasa walibaki nje wakisubiri. Asiyekuwapo na lake halipo. Mwaka 1919 Luksemburg ilipanua baraza, kisha ikauliza. Mwaka 2015 iliuliza baraza kama linataka kupanuliwa. Na historia, kuanzia kwa wanaume wa Uswisi mwaka 1959, inaonyesha kwamba wenye viti ni vigumu kukubali kusogea katika jaribio la kwanza.

Baada ya hapana

Hadithi haikuishia hapo. Kura ya 2015 ilikuwa ya ushauri kisheria, lakini serikali iliiheshimu, kama Bech alivyoiheshimu ya 1937, na Bettel hakujaribu kuupitisha mpango huo kwa mlango wa nyuma. Badala yake vyama, vikiwemo vilivyosema hapana, vikaugeukia ule mlango wa uraia waliokuwa wakiutaja. Sheria mpya ya mwaka 2017 ilipunguza miaka ya kuishi nchini kabla ya kuomba uraia kutoka 7 hadi 5, ikarahisisha njia kwa waliozaliwa huko, na ikamruhusu aliyeishi miaka 20 kuhudhuria masomo ya lugha ya saa 24 bila kulazimika kufaulu mtihani mgumu. Mwaka 2022 masharti ya muda wa kuishi yakaondolewa katika uchaguzi wa serikali za mitaa, na Juni 2023 mkazi yeyote mgeni, wa nchi yoyote, aliweza kujiandikisha na kumchagua diwani.

Na ile katiba mpya iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2023? Iliahidiwa kupelekwa kwa wananchi, lakini mwishowe ilipitishwa na Bunge peke yake. Wananchi waliotaka kura ya maoni walihitaji saini 25,000 na hawakuzifikisha. Inaelekea wanasiasa nao walijifunza kitu mwaka 2015: kwamba ukimwuliza mtu, lazima uwe tayari kusikia jibu lake.

Sisi na swali hili

Kura ya maoni si ngeni kwetu. Wazanzibari waliipiga tarehe 31 Julai 2010 na asilimia 66 wakakubali serikali ya umoja wa kitaifa. Wakenya waliikataa rasimu ya katiba mwaka 2005, wakaikubali nyingine Agosti 2010. Tunajua nguvu yake ya kufunga ugomvi, na tunajua inavyoweza kuligawa taifa.

Lakini kuna upande wa pili tusioutazama sana, nao ni huu wa kuwa nje ya baraza. Chukueni meza moja ya chama chetu hapa Uingereza. Mtanzania, Mkenya, Mganda au Mnyarwanda anayeishi hapa kihalali anaweza kujiandikisha na kupiga kura ya Bunge, kwa kuwa nchi yake imo katika Jumuiya ya Madola. Mkongo wa Bukavu, Mrundi wa Bujumbura na Mwomani wa Maskati walioketi naye hawawezi. Wanazungumza Kiswahili kimoja, wanalipa kodi ileile, wanapanda basi lilelile. Kinachowatenganisha ni ramani za wakoloni na mikataba ya marais. Hakuna aliyepimwa kwa miaka aliyoishi wala kwa lugha anayoijua. Na Mtanzania huyo mwenye kura hapa, kwao hana namna ya kuipiga akiwa huku, kwa kuwa Tanzania haijaweka utaratibu wa raia walio nje kupiga kura. Tukilitazama hivyo, sharti la Luksemburg la miaka 10, lililokataliwa, lilikuwa angalau na mantiki: lilimtazama mtu na maisha yake mahali alipo.

Tunachojifunza kutoka kwa nchi hii ndogo tunaweza kukisema kwa maneno machache. Kura ya maoni ni chombo kizuri cha kuizuia serikali isiwafunge watu midomo, kama mwaka 1937. Ni chombo kizuri cha kuamua nani akae kwenye kiti, kama mwaka 1919. Lakini ni chombo kibovu cha kuamua haki za mtu ambaye hakuitwa kwenye kura hiyo. Haki hizo zinahitaji wabunge wenye ujasiri wa kutangulia, kama wale wa Mei 1919, au subira ya kupanua mlango kidogo kidogo, kama ilivyofanyika baada ya 2015. Waluksemburg wamechagua subira. Katika nchi ambayo karibu nusu ya wakazi wake bado ni wageni, subira hiyo ina gharama, na wanaoilipa ni wale walio nje ya mlango.

Tungependa kusikia walimu wetu na wanachama wenzetu wanaonaje. Methali tuliyoanza nayo iliachiwa sisi pamoja na jembe. Sehemu yake ya pili, ile ya baraza, bado haijatungwa, na pengine kazi hiyo ni ya kizazi chetu, ambacho nusu yake ni wageni mahali fulani.